Mfupa wa Nyonga, Maziwa ya Mtoto na Shamba la Mikorosho

BARUA

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mama wa miaka 34, ninaishi Mtwara mjini na mume wangu ambaye ni fundi seremala, pamoja na watoto wetu wawili: binti wa miaka 7 na mtoto mchanga wa kiume mwenye wiki 7. Kabla ya matatizo ninayokuandikia nilikuwa mama lishe. Nilikuwa nikisimama jikoni tangu alfajiri hadi alasiri, na fedha iliyotoka kwenye masufuria yale ndiyo iliyokuwa ikilipa kodi ya nyumba na mchango wangu wa kikundi cha kuweka na kukopa.

Ujauzito wa mara hii ulikwenda vizuri hadi mwezi wa 8, ndipo yalipoanza maumivu ya kinena upande wa kushoto, yakishuka mbele ya paja. Hayakunijia polepole kama maumivu ya kiuno niliyoyazoea kwa mtoto wa kwanza. Ndani ya siku chache tu nilikuwa nikichechemea, na kilichonishangaza ni kwamba nikijilaza yalitulia, lakini nikisimama na kuukanyagia mguu yalirudi kwa ukali uleule. Kliniki niliambiwa kuwa nyonga hulegea mtoto anapokaribia kuzaliwa na kwamba yataisha nikijifungua. Niliamini, kwa sababu hata wanawake wenzangu sokoni waliniambia hivyohivyo.

Namshukuru Mungu nilijifungua salama kwa njia ya kawaida. Hata hivyo maumivu hayakuondoka na mimba. Wiki ya pili baada ya kujifungua nilishindwa kabisa kuukanyagia mguu wa kushoto. Picha ya eksirei ilionyesha kichwa cha mfupa wa paja upande huo kimepauka kuliko cha kulia, na kipimo cha MRI tulichokwenda kufanyiwa Dar es Salaam kilionyesha majimaji ndani ya uboho wa mfupa huo. Daktari wa mifupa alitueleza kwamba huu ni upungufu wa mfupa wa nyonga ambao ni wa muda, kwamba huwapata baadhi ya wanawake mwishoni mwa ujauzito, na kwamba kwa kawaida huisha wenyewe baada ya miezi 6 hadi 12. Alinipa magongo mawili, vidonge vya kalsiamu na vitamini D, parasetamoli ya kutuliza maumivu, akanikataza kuukanyagia mguu huo mpaka atakaponiona tena baada ya wiki 6.

Tulirudi nyumbani nikiwa na matumaini, lakini tangu hapo kila anayeingia mlangoni ana tiba yake. Daktari wa pili, ambaye mume wangu alimwendea na picha zangu, alisema ipo dawa ya mifupa inayotolewa kwa dripu mara moja na kwamba ingeweza kunifupishia mateso, ila ingefaa nimwachishe mtoto ziwa kwanza. Binamu ya mume wangu aliyeko Dar es Salaam anasema amesikia kuna upasuaji wa kutoboa mfupa ili kupunguza shinikizo lililomo ndani, na kwamba mtu huamka siku ya pili bila maumivu. Mume wangu ameushika ushauri huo. Kwa kuwa fedha hatuna, anapendekeza tuuze shamba la mikorosho lililoko Newala, ambalo nilipewa na mjomba wangu kwa desturi ya ukoo wetu. Anasema hakuna shamba lenye thamani kuliko miguu ya mkewe. Anasema kwa mapenzi, sina shaka nayo, lakini kila akilitaja shamba lile moyo wangu unakaza.

Mama mkwe naye yuko hapa tangu nilipojifungua. Mama yangu mzazi alifariki, kwa hiyo yeye ndiye aliyeniuguza, akanipikia uji na kunikanda kwa maji ya moto kama mzazi yeyote anavyokandwa. Sasa anasema mguu umekataa kwa sababu nilikandwa kidogo na nikaachwa mapema, na kwamba nyonga inahitaji kukandwa kwa nguvu na kunyooshwa na bibi mmoja anayemfahamu. Magongo anayaona kuwa yananizoesha ulemavu. Nikikaa kitandani nasikia akimwambia mume wangu kuwa mzazi wa wiki 7 anapaswa kuwa ameshaanza kufagia uwanja. Sitaki kumkosea heshima, kwa sababu bila yeye nisingefika hapa.

Mimi mwenyewe nimechoka. Mtoto akilia usiku siwezi kumfuata, nasubiri niletewe. Binti yangu amenionyesha mchoro wa familia yetu aliouchora shuleni, na mimi amenichora na miguu minne. Najiuliza kama ninakosea kukaa tu bila tiba wakati dawa ipo. Najiuliza pia kama kumnyonyesha ndiko kunakoendelea kuumaliza mfupa wangu, kwa sababu jirani mmoja ambaye ni msomi aliniambia kuwa mtoto hula mifupa ya mama yake. Nikimwachisha, nitakuwa nimemnyima haki yake kwa ajili ya mguu wangu. Nisipomwachisha, huenda nikabaki kilema na nisiweze kumlea. Tena mume wangu anatamani mtoto wa tatu, na mimi naogopa hata kulizungumza jambo hilo.

Nifuate njia ipi?

Mama wa Magongo, Mtwara

MNASIHI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa mtoto.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, kwa sababu ndani yake mna maswali ya hospitali na maswali ya nyumbani yaliyofungwa katika furushi moja, na nadhani sehemu ya uchovu wako inatokana na kuyabeba yote kana kwamba ni swali moja. Unauliza uchague lipi kati ya kusubiri, dripu na upasuaji, huku ukihofia kwamba chaguo lolote litamwumiza mtu: mtoto, mume, mama mkwe, au mjomba aliyekupa shamba. Mimi ni mnasihi, si daktari wa mifupa, na siwezi kukupa jibu ambalo ni lako na la madaktari wako. Ninaloweza ni kukueleza yanayofahamika kuhusu ugonjwa huu, kisha tuyatazame maneno machache uliyoyaandika ambayo naona yanahitaji kuulizwa.

Neno la kwanza ni "kukaa tu bila tiba". Hukai bila tiba, mwanangu. Kwa ugonjwa huu, kuondoa uzito kwenye mguu ndiyo tiba yenyewe, na ndiyo ambayo madaktari wengi huianzia. Kichwa cha mfupa wa paja na shingo yake ndivyo vinavyobeba mwili wako kila unapokanyaga, na kwa sasa sehemu hiyo imepungukiwa na madini yanayoupa mfupa ugumu wake. Hatari kubwa ya kipindi hiki ni shingo hiyo kuvunjika kwa jambo dogo, kama kuteleza bafuni au kubeba ndoo, na ikivunjika hapo ndipo upasuaji unapokuwa wa lazima. Kwa hiyo magongo yale yanayoonekana kukuzoesha ulemavu ndiyo yanayoukinga mfupa usivunjike wakati mwili unaujaza upya. Tazama pia jambo hili: hata ukichagua dripu, au siku moja madaktari wakiona upasuaji unafaa, bado utatakiwa kutembea na magongo kwa muda baada ya hapo. Hakuna njia hata moja kati ya hizo tatu itakayokurudisha kwenye masufuria wiki ijayo. Ndiyo maana nadhani swali la nani atafanya kazi gani nyumbani kwenu kwa miezi kadhaa ijayo lina haraka kuliko swali la dawa.

Neno la pili ni lile la jirani yako msomi, kwamba mtoto hula mifupa ya mama. Lina chembe ya ukweli, na ndiyo maana linauma. Mtoto akiwa tumboni hujikusanyia takriban gramu 30 za kalsiamu, sehemu kubwa katika miezi mitatu ya mwisho, na mwili wa mama hujitayarisha kwa kunyonya kalsiamu nyingi zaidi kutoka kwenye chakula. Wakati wa kunyonyesha, mifupa ya mama hupungua uzito kwa kiasi cha asilimia 3 hadi 10, kisha kwa wanawake walio wengi hurudi baada ya mtoto kuacha ziwa. Hayo huwapata wanaonyonyesha kwa jumla, na wengi wao wala hawayahisi. Ugonjwa wako ni jambo jingine. Kama maziwa peke yake yangekuwa chanzo, kwa nini nyonga ya kushoto iumie na ya kulia ibaki salama? Taarifa ya kwanza ya kitabibu kuhusu hali hii iliandikwa mwaka 1959 na madaktari wa Marekani, Curtiss na Kincaid, ikihusu wanawake watatu waliokuwa katika miezi ya mwisho ya ujauzito. Baadaye ikaonekana kwamba huwapata hata zaidi wanaume wa umri wa makamo, watu ambao hawajawahi kubeba mimba wala kunyonyesha. Chanzo chake hasa hakijathibitishwa hadi leo. Wapo wanaodhani ni mzunguko wa damu kwenye kichwa cha mfupa, wapo wanaodhani ni nyufa ndogo sana zisizoonekana, na wapo wanaotaja mgandamizo wa mishipa kutokana na uzito wa mtoto tumboni. Katika mambo yanayohusishwa nao mna uvutaji wa sigara, unywaji wa pombe, matumizi ya dawa za steroidi, upungufu wa vitamini D na matatizo ya tezi ya shingo. Kama lolote kati ya hayo linakuhusu, mweleze daktari bila aibu. Kama hakuna, basi usijitafutie kosa, wala usimtwishe mtoto.

Hata hivyo sitaki udhani kwamba daktari wa pili amezungumza upuuzi. Wapo madaktari wanaoshauri kufupisha kunyonyesha, na hoja yao hupata nguvu iwapo udhaifu wa mifupa si wa nyonga moja tu bali ni wa mwili mzima, hasa uti wa mgongo, kwa maana kuna ugonjwa mwingine wa wazazi unaovunja pingili za mgongo na ambao hutibiwa kwa namna tofauti. Je, mgongo wako unauma? Umepungua kimo? Hilo ni swali la kumpelekea daktari wa kwanza, na kama ataona haja kipo kipimo cha kupima uzito wa mifupa. Jibu lake linaweza kubadilisha mizani yote ya suala la kunyonyesha, kwa hiyo ningesikitika kuona unamwachisha mtoto kabla ya kulipata.

Sasa tuje kwenye dripu yenyewe. Kutokana na maelezo yako nadhani alimaanisha dawa za jamii ya bisfosfoneti, ambazo hupunguza kasi ya mwili kumomonyoa mfupa. Zimetumika kwa wagonjwa wa aina yako, na baadhi ya ripoti zinaonyesha maumivu yakipungua mapema na picha za MRI zikisafika haraka zaidi. Ripoti hizo ni za wagonjwa wachache wachache, wala hakuna utafiti mkubwa uliokwisha kusema kwa uhakika kwamba wenye dripu hupona vizuri kuliko wenye magongo peke yake. Kwa upande wa hatari, dawa hizo hubaki ndani ya mifupa kwa miaka, na zinaweza kupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto wa mimba ijayo. Kwa mwanamke ambaye mumewe anatamani mtoto wa tatu hilo si jambo dogo. Kuhusu maziwa ya mama taarifa ni chache, ndiyo sababu ya ule ushauri wa kumwachisha ziwa kwanza. Kabla ya kupewa, hupimwa figo na kiwango cha kalsiamu, na mtu huweza kushikwa na homa na maumivu ya mwili kwa siku mbili tatu baada ya dripu. Kuna tiba nyingine zilizojaribiwa, kama vile homoni ya kalsitonini na dawa za kupanua mishipa ya damu, lakini nazo hazina ushahidi mwingi zaidi.

Upande wa pili wa mizani yupo mtoto wa wiki 7. Shirika la Afya Duniani hupendekeza maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, na wewe unayejua bei ya maziwa ya kopo na shida ya maji safi huhitaji kuelezwa kwa nini. Lakini nakuuliza: ni lazima uchague leo? Wiki 6 za daktari wako hazijaisha. Unaweza kumwuliza kama dripu inaweza kusubiri mpaka mtoto aanze kula vyakula vingine, iwapo hadi wakati huo bado utakuwa unaihitaji. Huenda akasema ndiyo, na huenda akawa na sababu ya kusema hapana. Muda ukipita mfupa ukawa unajijaza, swali la dripu linaweza kujifuta lenyewe.

Upasuaji anaousema binamu upo kweli. Hutoboa tundu jembamba kuelekea kwenye kichwa cha mfupa ili kupunguza shinikizo, na hutumika zaidi kwa ugonjwa mwingine unaofanana sana na wako, ambao ni kufa kwa kichwa cha mfupa kwa kukosa damu. Hapa nataka uwe makini, kwa sababu magonjwa haya mawili huanza kwa sura moja lakini mwisho wake ni tofauti: wako huisha, ule mwingine unaweza kukibomoa kichwa cha mfupa. Wenye selimundu, walioishi kwa muda mrefu na dawa za steroidi na walevi wa pombe kali wako katika hatari kubwa zaidi ya huo wa pili. MRI ndicho kipimo kinachosaidia kuyatofautisha, na daktari wako ameshakiona. Hata hivyo una haki kamili ya kumwuliza kwa maneno haya: "Una uhakika gani kwamba mfupa haujafa, je, nimepimwa selimundu, na utarudia kipimo lini?" Kama jibu ni kwamba ni upungufu wa muda, basi kutoboa mfupa ambao tayari ni dhaifu, kwa ugonjwa unaotarajiwa kwisha wenyewe, ni hatua ambayo madaktari wengi wataiweka mwisho. Faida yake ni maumivu kupungua haraka. Gharama yake, mbali na fedha, ni hatari za dawa ya usingizi, za kidonda, na za mfupa kuvunjika pale ulipotobolewa.

Kuhusu shamba, mumeo amesema neno zuri, na nafurahi kwamba umeliona pendo lililomo ndani yake. Nadhani mwanamume anayemwona mkewe akilia usiku hutafuta kitu kikubwa cha kutoa, kwa sababu kungoja kunamfanya ajione hana kazi. Lakini mkorosho huchukua miaka kabla ya kuanza kuzaa sawasawa, na ugonjwa wako kwa kawaida huhesabiwa kwa miezi. Tena shamba la ukoo lililotoka kwa mjomba si mali ambayo mke na mume huikalia peke yao usiku mmoja wakaiuza. Nadhani moyo wako unakaza kwa sababu hilo unalijua. Pengine ungemwambia kwamba hujakataa, ila unaomba swali la kuuza lisubiri mpaka siku ya kumwona daktari, na kwamba kabla ya hapo mjomba apigiwe simu, si kwa ajili ya ruhusa tu bali pia kwa sababu ukoo uliotoa shamba unaweza kutoa hata mtu wa kuja kusaidia kupika. Na kama anataka kazi ya mikono yake, fundi seremala anayo tele nyumbani: kiti imara chenye tundu cha kuwekwa juu ya choo cha kuchuchumaa, kitanda kilichoinuliwa ili usinyanyuke kutoka chini, nguzo ya kushikilia bafuni. Vitu hivyo vitakulinda dhidi ya kuanguka kuliko unavyodhani.

Mama mkwe ndiye niliyemfikiria kwa muda mrefu zaidi. Amekulea kama mama, na mkono wake wa kukanda ndio mkono wa upendo anaoujua. Sioni haja ya kumpinga. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu juu ya kiuno, au mgongo kusuguliwa taratibu, havina ubaya mkubwa, mradi asiguse nyonga ya kushoto kwa nguvu. Kinachonitia hofu ni kuvutwa mguu, kunyooshwa na kukandamizwa na huyo bibi, kwa kuwa mfupa ulio dhaifu hauwezi kustahimili hayo. Huenda ikasaidia kama maneno yatatoka kwa daktari na si kwako wewe mkwe wake: mwombe mumeo aende naye siku ya miadi, aketi ndani, aonyeshwe picha mbili, nyonga iliyopauka na iliyo nzima. Mama aliyeona kwa macho yake kwamba mfupa umekuwa mwepesi ataacha kuyaita magongo uvivu, au angalau atauliza maswali yake kwa mtu anayeweza kuyajibu. Na huo ujuzi wake una mahali pake jikoni. Dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao, matembele, maziwa anapoweza kuyapata, na ufuta ambao mikoa yetu ya kusini inaulima kwa wingi, vyote vina kalsiamu. (Korosho, kwa jinsi tunavyojivunia, zina kalsiamu kidogo sana.) Jua la asubuhi kwenye mikono na miguu nalo husaidia vitamini D, bila kuacha vidonge ulivyopewa.

Kuna mambo machache ya usalama ambayo barua yako haikuyagusa. Usimbebe mtoto mgongoni wala kifuani ukiwa kwenye magongo, hata kwa hatua tatu. Alazwe karibu nawe usiku, upande ambao hawezi kuanguka, ili asiletwe kila mara na wewe usilazimike kumfuata. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia wakati wa kupanda, na ule mgonjwa hutangulia pamoja na magongo wakati wa kushuka. Kama wewe ni Mwislamu na siku zako za nifasi zimekwisha, sala ya kukaa kwenye kiti inakubalika kwa mgonjwa. Usilale tu kutwa nzima bila kuchezesha vifundo vya miguu, kwa sababu mzazi asiyetembea yuko katika hatari ya damu kuganda. Mguu ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, au ukabanwa na pumzi ghafla, nenda hospitali saa hiyohiyo. Nenda vilevile kama maumivu ya nyonga yatazidi ghafla, ukashindwa kuinua mguu, au ukauona umegeuka nje na kuwa mfupi, na kama utapata homa pamoja na maumivu hayo, maana maambukizi ya kiungo, kifua kikuu kikiwa mojawapo, nayo hushambulia nyonga. Siku kama hiyo si ya kumwita bibi wa kunyoosha.

Limebaki suala la mtoto wa tatu, ulilosema unaogopa hata kulizungumza. Wapo wanawake ambao hali hii iliwarudia katika mimba nyingine au ikahamia nyonga ya pili, na wapo waliozaa tena bila kuiona. Kwa hiyo woga wako una msingi, wala haumaanishi kwamba mlango umefungwa. Kinachohitaji kuzungumzwa mapema ni uzazi wa mpango, kwa sababu umefika wakati ambao kliniki watakuuliza unataka njia gani. Sindano ya miezi mitatu, ambayo wanawake wengi huipenda kwa sababu haina usumbufu, hupunguza uzito wa mifupa kwa kadiri inavyotumika, na vidonge vyenye homoni ya estrojeni havifai kwa mama anayenyonyesha mtoto mchanga wala kwa mtu asiyetembea, kwa ajili ya ile hatari ya damu kuganda. Mweleze muuguzi habari za nyonga yako kabla hajakupa chochote, umwonyeshe na karatasi za hospitali, kisha mtazame pamoja kama kitanzi kisicho na homoni au njia nyingine itakufaa. Mumeo awepo siku hiyo, ili naye asikie kwamba muda wa kusubiri mimba nyingine utapangwa kwa kuitazama hali ya mfupa.